Kabla ya Kumwita Mbwa Wako Mshenzi

Wacha nianze na kitu sijawahi kuposti.

Miaka minne iliyopita, nikiwa nimemaliza tu kidato cha nne, nilinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara. Unawajua wale majamaa husimama na papi mmoja mkononi na wengine wawili ndani ya boksi, jua linawaka, magari yanapita. Aliniambia ni German Shepherd, ana wiki nane, amechanjwa. Nikalipa elfu saba, pesa niliyokusanya likizo nzima nikisaidia mjomba dukani. Nikamwita Simba, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na mawazo mengine.

Simba alikaa kwetu wiki saba. Nyumba yetu ni vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, kwa ploti yenye lango moja na mwenye ploti asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza Simba alikojoa kwenye zulia. Sawa, ni mtoto. Siku ya pili alikojoa ndani ya boksi lake mwenyewe la kulala, halafu akalala juu yake kama hakuna kitu kimefanyika. Hapo nilishtuka. Hata kuku hujaribu kukwepa.

Mathe alivumilia wiki mbili. Alikuwa anadeki asubuhi kabla ya kazi na anadeki jioni akirudi. Siku moja akasimama na ndoo mkononi akasema, "Hii mbwa yako ni mshenzi."

Nikafanya kile kila mtu aliniambia nifanye. Nikamshika shingoni, nikamsukuma pua kwenye mkojo, nikamchapa na gazeti lililokunjwa. Baada ya muda Simba aliacha kukojoa mbele yangu. Alikuwa anaenda nyuma ya sofa. Nikasema, mnaona? Anajua amekosa. Ni kiburi tu.

Jirani wa chini akampigia mwenye ploti simu. Tukapewa hadi mwisho wa mwezi. Simba akapelekwa shags kwa guka, Murang'a, akafungwa na kamba kwa mti wa parachichi. Miezi mitatu baadaye guka akaniambia kwa simu kwamba mbwa alikata kamba usiku na hawakumwona tena. Nililia kidogo, kisha nikajiambia alikuwa mbwa mbaya.

Nimeandika haya kwa sababu mwaka huu nilianza kusoma historia ya jinsi watu walivyojifunza kumfundisha mbwa usafi wa nyumba. Nilifikiri nitapata mbinu mbili tatu za kutengeneza video. Nikapata kitu kingine. Nilipata kwamba jibu la swali la Simba lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu miaka mingi kabla sijazaliwa, na kwamba jibu lenyewe halianzii nyumbani kwangu hata kidogo. Linaanzia pale alipozaliwa.

Mwalimu wa kwanza ana miguu minne

Tuanze na mama mbwa, kwa sababu yeye ndiye alijua kabla ya mtu yeyote.

Mtoto wa mbwa akizaliwa, macho yamefungwa, masikio yamefungwa, na hawezi hata kukojoa peke yake. Mama ndiye anamlamba tumboni na chini ya mkia mpaka mkojo na choo vitoke, halafu anavila. Ndio, anavila. Usikunje uso, hiyo ndiyo sababu mahali pa kuzalia hapanuki hata kukiwa na watoto wanane. Macho hufunguka karibu na siku ya 13. Karibu wiki ya tatu, mtoto anaweza kujisaidia bila kulambwa, na ukimwangalia kwa makini utaona anafanya jambo la ajabu: anajikokota, miguu bado inayumba, anatoka pale wanapolala, anakojoa kando, kisha anarudi.

Hakuna mtu amemfundisha. Hajachapwa na gazeti. Anachohitaji ni kitu kimoja tu, yaani pawe na "kando". Pawe na mahali pa kulala na mahali pengine pasipo pa kulala.

Kama amefungiwa mahali padogo kiasi kwamba kulala na kunya ni sehemu moja, ile hamu ya kutoka haina pa kwenda. Kila siku anazoea kulala kwenye uchafu wake. Wiki zikipita, uchafu unakuwa harufu ya nyumbani.

Sasa rudi kwa lile boksi la barabarani. Mimi niliporudi kiakili, nilitaka kutapika.

Gazeti, pua na polisi wa Kijerumani

Binadamu tumeishi na mbwa maelfu ya miaka, lakini kumweka mbwa ndani ya nyumba ya zulia ni jambo jipya kwa watu wa kawaida. Mbwa wengi wa dunia waliishi nje, wakilinda, wakiwinda, wakichunga. Hakukuwa na haja ya kumfundisha choo, uwanja wote ulikuwa choo. Hata Xenophon, yule Mgiriki aliyeandika kuhusu uwindaji zaidi ya miaka 2300 iliyopita, anasisitiza watoto wa mbwa waachiwe mama yao mzazi awalee. Kuhusu zulia hana wasiwasi.

Mambo yalibadilika karne ya 19. Uingereza ilifanya maonyesho ya mbwa kule Newcastle mwaka 1859, na mwaka 1873 Kennel Club ikaanzishwa. Mbwa akawa na ukoo, cheti na bei. Mfugaji akawa mtu wa kuuza sura: rangi ya manyoya, umbo la masikio, urefu wa mkia. Cheti hakikuwa na nafasi ya kuandika kama mtoto huyu anajua mahali pa kukojoa. Hiyo iliachiwa mnunuzi, na mnunuzi akatumia fimbo.

Mwaka 1910, Konrad Most, afisa wa polisi aliyeanza kufundisha mbwa Saarbrücken, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu mafunzo ya mbwa ambacho kiliongoza watu kwa miongo kadhaa. Most hakuwa mpole. Mbinu zake zilikuwa na nguvu na maumivu mengi. Lakini sikiza hii: hata huyo mtu mkali aliwaonya wasomaji wake wasimwone mbwa kama binadamu mwenye dhamiri. Alielewa kwamba mbwa anaunganisha tendo na kile kinachofuata hapo hapo.

Yaani mimi, mwaka niliomchapa Simba dakika ishirini baada ya yeye kukojoa, nilikuwa nyuma ya polisi wa 1910.

Simba hakujifunza kwamba zulia ni vibaya. Alijifunza kwamba mkojo na mimi tukiwa chumba kimoja, kuna kipigo. Kwa hivyo alikuwa mwerevu, akatenganisha. Nyuma ya sofa haikuwa kiburi. Ilikuwa hesabu.

Mbwa wa Congo kwenye maabara ya Marekani

Sasa tufike pale hadithi inapotugusa sisi.

Kule Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, kuna maabara inaitwa Jackson Laboratory, iliyoanzishwa 1929. Inajulikana zaidi kwa panya. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mtafiti John Paul Scott alianza mradi mkubwa wa mbwa hapo, na baadaye John L. Fuller akafanya kazi naye. Mwaka 1947 moto mkubwa uliteketeza jengo kuu la maabara, lakini kazi ya mbwa ikaendelea. Mwaka 1965 walitoa kitabu kilichokusanya karibu miaka ishirini ya utafiti, na mpaka leo watu wa mbwa hukitaja kama msingi.

Walichagua aina tano. Cocker Spaniel, Beagle, Shetland Sheepdog, Fox Terrier wa manyoya magumu, na Basenji.

Simama hapo kwa Basenji. Huyo ni mbwa wa Congo. Mdogo, mkia umejikunja juu ya mgongo, masikio wima, habweki kama mbwa wengine, na hujisafisha kwa ulimi kama paka. Ukimwona utasema, ah, si huyu ni yule mbwa wa kawaida wa kwetu? Wazungu walijaribu kumpeleka Uingereza mwaka 1895 na wakafa kwa distempa. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonyesha kwenye maonyesho ya Crufts, London, na umati ukajaa kuwatazama.

Na lile jina? Basenji. Litamke polepole. Ni ndugu wa neno letu washenzi. Waswahili wa pwani walikuwa wakiwaita hivyo watu wa bara, maana yake watu wasiostaarabika, na neno likasafiri na misafara hadi Congo. Kwa hivyo mbwa huyo alipopanda meli kwenda Ulaya, alipanda na tusi shingoni badala ya ukosi. Hapa kwetu walowezi walilipenda sana neno shenzi. Kitu chochote cha mwenyeji kingeweza kuwa shenzi, na mbwa wake akiwemo. Wakoloni walienda. Neno likabaki, likafika mpaka sebuleni kwetu, kwenye mdomo wa mathe, na ndoo mkononi.

Ajabu ni kwamba yule "mshenzi" wa Congo ni kati ya mbwa wanaosifiwa sana kwa usafi.

Scott na Fuller walifanya nini? Waliangalia. Siku baada ya siku, waliandika kila mtoto anafanya nini na ana umri gani. Na kati ya vitu walivyoona ni hiki: karibu wiki ya tatu watoto wanaanza kutoka kitandani kwenda kujisaidia, na kufikia karibu wiki ya nane na nusu wanakuwa wamejichagulia sehemu maalum ambazo wanarudi tena na tena.

Soma hiyo mara mbili. Wiki ya tatu mpaka wiki ya nane na nusu. Huo ndio muda mbwa anajiandikia sheria yake ya choo: ni wapi, na chini kuna nini. Kama chini kulikuwa na nyasi, atatafuta nyasi. Kama kulikuwa na gazeti, atatafuta gazeti, hata lile unalosoma. Kama hakukuwa na tofauti yoyote, hatatafuta chochote.

Na mbwa wengi hufika kwa mnunuzi wakiwa na wiki nane. Ukifungua mlango kumpokea, mtihani mkubwa umeshafanywa, kwa nyumba ya mtu mwingine, na wewe unapewa matokeo tu.

Simba, kwa njia, daktari wa mifugo aliangalia meno yake akasema hata wiki sita hajafika. Nilisikia hiyo habari wakati ule na sikuelewa uzito wake.

Shamba la ekari moja na mbwa wa vipofu

Watafiti wa Bar Harbor waliona zaidi ya choo. Mwaka 1961, Freedman, King na Elliot walichapisha jaribio ambalo kila mtu mwenye mbwa anafaa kulijua. Waliwalea watoto wa mbwa kwenye uwanja wa ekari moja uliozungushiwa ua mrefu, bila kuguswa na watu. Wengine walitolewa kwa wiki moja wakakaa na watu, katika umri tofauti, wengine mapema, wengine baadaye. Kundi moja halikutolewa hadi wiki ya 14. Hao wa mwisho waliwaogopa binadamu kama wanyama wa porini. Mlango ulikuwa umefungwa.

Wakati huo huo, upande mwingine wa Marekani, California, kulikuwa na shule ya mbwa wanaoongoza vipofu, Guide Dogs for the Blind, iliyoanza 1942. Clarence Pfaffenberger alikuwa akisaidia hapo kuchagua watoto wa mbwa, na alikuwa na shida ya kweli. Mbwa wengi wazuri wa ukoo walikuwa wanaanguka mafunzo. Akatafuta ushauri kwa Scott. Mwaka 1959 wawili hao walichapisha matokeo: watoto waliobaki bandani baada ya umri wa wiki 12, wakingoja kupelekwa kwa familia, walianguka zaidi kuliko wale waliotolewa kwa wakati. Wiki chache tu za kusubiri, na mbwa aliyekuwa macho ya mtu anakuwa mbwa asiyeweza kazi hiyo. Mwaka 1963 Pfaffenberger akaandika kitabu cha kueleza yote hayo kwa watu wa kawaida.

Nimekaa na hiyo hadithi sana. Ukoo ulikuwa sawa. Chakula kilikuwa sawa. Kilichopungua ni mtu wa kufanya jambo dogo kwa wakati wake.

Kwa nini habari hazikufika kwetu

Utauliza, sasa kama ilijulikana 1965, mbona mimi bado nilikuwa nachapa mbwa na gazeti mbona?

Sababu ya kwanza ni pesa. Marekani, baada ya vita, kulea watoto wa mbwa kwa wingi kulikuwa biashara ya mashamba. Kizimba chenye sakafu ya waya kinapunguza kazi: choo kinaanguka chini, hakuna mtu wa kupiga deki. Lakini mtoto aliyekulia juu ya waya hajawahi kuona "kando". Sheria ya taifa ya kulinda wanyama ilikuja 1966, ikilenga kwanza mbwa na paka wanaouzwa kwa maabara, na 1970 ikapanuliwa kugusa wauzaji wa jumla wa wanyama wa nyumbani. Biashara haikuisha. Uingereza ilichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 2020 tu ambapo Uingereza ilianza kutumia ile inayoitwa Lucy's Law, iliyopewa jina la mbwa jike aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalisha mbwa kule Wales. Inasema mtoto wa mbwa au paka chini ya miezi sita huwezi kumnunua dukani au kwa dalali. Mnunue kwa aliyemzalisha, umwone akiwa na mama yake, au umchukue kwa makao ya wanyama.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 virusi vipya, parvo, vilitokea na ndani ya miaka michache vikawa vimezunguka dunia, vikiua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu. Ghafla ushauri ukawa: usimtoe nje kabla hajamaliza chanjo. Ushauri ni wa kweli, parvo bado inaua hata hapa Nairobi. Lakini ulimaanisha mbwa anafungiwa ndani wiki zile zile anazochagua choo, na watu hawakuambiwa wamwekee choo gani humo ndani.

Hapo ndipo anaingia Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyehamia Berkeley, California, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanza madarasa ya watoto wa mbwa wakati walimu wengi walikuwa wanangoja mbwa afike miezi sita. Dunbar alisema kwa ukali kabisa: kazi ya choo ni ya mfugaji. Kwenye eneo la watoto weka kitanda upande mmoja na choo upande mwingine, choo hicho kiwe na nyasi kama zile atakazokuta maishani. Na wewe mnunuzi, ukienda kuwaona, tazama wanakojoa wapi. Kama wanakojoa popote, ondoka.

Miaka ya 2010, wafugaji kama Jane Killion wa Marekani, kwa filamu yake Puppy Culture, walifanya hiyo kuwa kawaida kwa watu wengi: mtoto akianza kutembea, sehemu ya choo iko pale tayari, ina vumbi la mbao au nyasi, na kila siku mfugaji anaipeleka mbali kidogo na kitanda. Hakuna kelele, hakuna fimbo. Ni kazi ya mama mbwa inayoendelezwa na binadamu mwenye subira.

Mshenzi aliyekuja akiwa safi

Sasa nikwambie kuhusu Njugu.

Mwaka huu, jirani ya shangazi yangu kule Juja alikuwa na mbwa jike wa kawaida, koko kabisa, rangi ya njugu karanga, mkia umejikunja. Akazaa watano kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, karibu na pahali fundi mbao anafanyia kazi. Huyo mama wa jirani hajasoma Scott na Fuller. Lakini kibanda hakikuwa na mlango. Watoto walikuwa wanalala kwenye gunia, na mbele kidogo kulikuwa na vumbi la mbao lililomwagika kutoka kwa fundi.

Nilienda pale mara tatu nikiwa na macho mapya. Nikakaa kwenye jiwe, nikatazama. Wakiwa na wiki nne, wanaamka, wanatoka, wanakojoa kwenye vumbi la mbao, wanarudi. Wote watano. Nilimwambia huyo mama, "Umewafundisha vizuri." Akacheka. "Mimi? Mimi nimewapa tu nafasi."

Nilimchukua Njugu akiwa na wiki nane. Bure. Nilibeba pia mfuko wa vumbi la mbao, watu kwa matatu walikuwa wananiangalia vibaya. Nyumbani nikaweka kitanda chake kona moja, na beseni pana fupi lenye vumbi la mbao kwa balkoni. Kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, nilimpeleka kwa beseni, nikamsifu akimaliza. Usiku niliamka mara moja.

Alikosea, sitadanganya. Wiki ya kwanza alikojoa mara nne sakafuni, mara moja kwa kiatu cha mathe. Lakini kitandani kwake, hata siku moja. Wiki ya tatu alikuwa anasimama kwa mlango wa balkoni mwenyewe, analia kidogo, anangoja. Chanjo zilipokamilika tukaanza kushuka chini, na nyasi za pale nje akazielewa haraka.

Mathe alimtazama siku moja akiwa kwa huo mlango. Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Yule mwingine hakuwa na makosa, si ndio?"

Nikasema ndio, hakuwa na makosa.

Kama unataka mbwa

Najua wengi mnaonisoma mnakaa kwa ploti, bedsita, nyumba za ghorofa, na mnataka mbwa kwa sababu mji huu una upweke wake. Sikukatazi. Lakini kabla hujatoa pesa, fanya vitu vitatu.

Omba umwone mtoto akiwa na mama yake, mahali alipozaliwa. Ukiambiwa mama yuko mbali, yuko kwa boss, yuko Nakuru, basi biashara hiyo imekwisha.

Tazama chini. Wanalala wapi, wanajisaidia wapi. Kama ni mahali pamoja, unanunua kazi ya miezi mingi, na inabidi uwe tayari kuifanya bila hasira. Inawezekana. Mbwa aliyeharibiwa mwanzo anaweza kujifunza, ila pole pole sana, na mwenye ploti wako anaweza kuwa hana huo muda.

Uliza ana wiki ngapi, na usikubali chini ya nane. Zile wiki na mama na ndugu zake si za kupunguziwa bei.

Na kwa wafugaji wadogo, kwa sababu najua mko hapa na wengine wenu mnalipa karo na hizi papi: siwatusi. Najua chakula kimepanda, chanjo zimepanda, na mteja anataka bei ya chini. Lakini gunia moja la vumbi la mbao kwa fundi ni karibu bure. Ubao wa kutenganisha kitanda na choo ni wa siku moja. Ukimwambia mteja "hawa wameshajua choo" na akaona kwa macho yake, utauza kwa bei nzuri kuliko yule wa barabarani. Na hutakuwa na mtoto wa watu anayepeleka mbwa wako shags na kamba.

Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tangu enzi za uhuru. Nimeisoma. Ni ya kumwadhibu mtu akishatesa. Hakuna polisi atakuja kukagua kama papi wako walikuwa na pa kukojoa wakiwa na wiki nne. Kwa hivyo hiyo imebaki kwetu, wanaouza na wanaonunua.

Guka alifariki mwaka jana. Tulipoenda kumzika niliona ule mti wa parachichi bado uko, na kwa shina kuna alama pale kamba ilikuwa inasugua. Alama ndogo tu, kwa chini, urefu wa mbwa mdogo. Nilisimama hapo kidogo. Shangazi akaniita nikabebe viti, nikaenda.